Kurithi Tovuti: Namna ya Kujifunza Mfumo Uliojengwa na Mwingine

Kijana anayehitimu masomo ya kompyuta katika vyuo vyetu huwa amefundishwa kujenga. Hupewa kiwanja kitupu, akaandika programu yake tangu mstari wa kwanza hata wa mwisho, akaikabidhi kwa mwalimu, akapata alama, na programu hiyo ikafa siku hiyo hiyo. Kisha huajiriwa. Asubuhi ya kwanza kazini hakabidhiwi kiwanja. Hukabidhiwa karatasi yenye anwani ya tovuti, jina la mtumiaji na neno la siri, na kuambiwa kwamba mwenzake aliyeijenga aliondoka mwaka uliopita. Tovuti iko hai. Watu huisoma kila siku, karani huweka matangazo humo kila wiki, na hakuna hata mtu mmoja ofisini awezaye kueleza inavyofanya kazi.

Makala haya yanamhusu kijana huyo, na yanamhusu pia mkuu wake wa kazi, ambaye aghalabu hudhani kwamba mtu aliyesomea kompyuta anaweza kuendesha kompyuta yoyote, kama vile dereva awezavyo kuendesha gari lolote. Ili tusizungumze hewani, nitatumia mfano mmoja tu, nao ni mfumo wa kusimamia maudhui uitwao Joomla. Mfumo wa namna hii ni programu imwezeshayo karani asiyejua lolote katika uandishi wa programu kuandika habari, kuibandikia picha na kuitangaza katika tovuti. Iko mingine mingi, kama WordPress na Drupal, na mengi tutakayosema hapa yanaihusu nayo pia.

Nimeichagua Joomla kwa sababu vijana wetu wengi hukutana nayo katika tovuti za miaka iliyopita, na kwa sababu jina lake ni letu. Mfumo huu ulitokana na mwingine uliokuwa ukiitwa Mambo, ambao kampuni moja ya Melbourne, Australia, ilianza kuutayarisha mwaka 2000. Agosti 2005 waandishi wake wakuu walitofautiana na kampuni hiyo juu ya uendeshaji wake, wakajitenga, na mwezi uliofuata wakautoa mfumo wao chini ya jina jipya. Jina walilolichagua ni neno la Kiswahili "jumla", lililoandikwa kwa herufi mbili za o ili msomaji wa Kiingereza apate kulitamka sawasawa. Hivyo neno ambalo sisi tulilipokea kutoka kwa Waarabu likasafiri tena, safari hii likirudi kwetu katika vazi la kigeni.

Ukurasa usiokuwapo

Jambo la kwanza linalomkanganya mgeni ni kwamba ukurasa anaouona haupo mahali popote. Husoma katika skrini habari yenye kichwa, picha, tarehe na orodha ya habari nyingine pembeni. Hufungua folda za tovuti katika seva akitafuta faili la ukurasa huo, naye hulitafuta bure. Hukuta maelfu ya mafaili, wala hakuna hata moja lenye habari ile.

Sababu ni kwamba ukurasa huo hutengenezwa upya kila unapoombwa. Msomaji anapobofya kiungo, ombi lake hufika kwanza kwa faili moja lililo mlangoni, liitwalo index.php. Faili hilo huamsha programu, nayo husoma faili la mipangilio liitwalo configuration.php, ambamo mmeandikwa jina la kanzidata, neno lake la siri na mambo mengine ya namna hiyo. Kanzidata hufunguliwa. Jedwali la menyu huulizwa: anwani hii inadai nini? Jibu linapopatikana, kazi hukabidhiwa kwa komponenti inayohusika. Kwa makala za kawaida hiyo ni com_content, ambayo huchukua safu moja katika jedwali la makala na kuipanga. Kisha huja kiolezo, ambacho ndicho chenye sura ya tovuti, yaani rangi, nguzo na nafasi zake. Katika nafasi hizo hupachikwa visanduku vidogo viitwavyo moduli: hapa menyu, pale orodha ya habari mpya, kule chini anwani ya ofisi. Na baina ya hatua hizo zote zimekaa plagini, ambazo ni programu ndogo zinazosubiri jambo fulani litokee ili nazo zitie mkono. Moja huficha anwani za barua pepe zisichukuliwe na walaghai, nyingine hugeuza neno fulani kuwa picha, nyingine huandika kumbukumbu. Ukurasa, kwa hiyo, ni jumla ya kazi za mikono mingi, nao huishi muda wa kupelekwa kwa msomaji tu.

Ukilielewa hili utaelewa pia kwa nini swali jepesi la mkuu wa ofisi, "Hebu sahihisha neno lile pale," linaweza kumchukua mgeni asubuhi nzima. Neno lile laweza kuwa limeandikwa katika makala. Laweza kuwa limo katika moduli. Kama ni neno la mfumo wenyewe, mfano "Soma zaidi", limo katika faili la lugha, au katika orodha ya maneno mbadala ambayo mtangulizi wake aliyaweka kupitia upande wa utawala. Laweza pia kuwa limeandikwa moja kwa moja ndani ya kiolezo na mtu aliyekuwa na haraka. Mahali ni matano, na neno moja.

Mchezo wa saa tatu

Nitatoa mfano ambao nimeuona zaidi ya mara moja, nao unafaa sana kwa kufundishia kwa kuwa unatuhusu sisi wa Afrika Mashariki hasa. Joomla huhifadhi tarehe zote katika kanzidata kwa saa za ulimwengu, yaani UTC. Saa zetu zimetangulia hizo kwa saa tatu. Ili tarehe zionekane sawasawa, faili la mipangilio lina sehemu ya kutajia eneo, ambapo mtu huchagua Dar es Salaam au Nairobi, na mfumo huongeza saa tatu wenyewe wakati wa kuonyesha na kuzipunguza wakati wa kupokea.

Sasa tuseme aliyejenga tovuti alisahau kuchagua eneo. Karani anaagiza tangazo litoke saa mbili asubuhi, nalo linatoka saa tano. Karani analalamika. Mjenzi, badala ya kutafuta chanzo, anamwambia awe anaandika muda uliopunguzwa saa tatu, naye karani anazoea. Lakini sasa tarehe iliyochapwa juu ya habari iko nyuma kwa saa tatu, na habari zilizotolewa mara baada ya usiku wa manane zinaonekana kuwa za jana. Mjenzi anaingia katika kiolezo na kuandika mstari mmoja wa kuongeza saa tatu kabla ya kuchapa tarehe. Kila kitu kinaonekana sawa. Miaka inapita. Mjenzi anaondoka, na karani anabaki na desturi yake ambayo hakumbuki tena ilitoka wapi.

Anakuja kijana wetu. Ni hodari, amesoma, na siku ya tatu anagundua kwamba sehemu ya eneo haijajazwa. Anaijaza. Amefanya jambo sahihi kabisa, na tovuti inaharibika mahali pawili kwa mpigo mmoja: tarehe zilizochapwa zinaruka mbele kwa saa tatu za ziada, kwa kuwa sasa mfumo unaongeza na kiolezo kinaongeza, na matangazo ya karani yanatoka alfajiri kabla ya wakati wake. Ikiwa mojawapo ya matangazo hayo ni la zabuni au la matokeo ya mtihani, kosa hilo si la kuchekesha.

Angalia kwamba hapo hapakuwa na mjinga. Kila mmoja alitenda jambo lenye maana kwa kadiri ya alichokiona. Kilichokosekana ni ujuzi kwamba mambo matatu, yaani mpangilio, kiolezo na desturi ya karani, yalikuwa yameegemeana. Na jambo la tatu halikuandikwa katika kompyuta yoyote.

Nadharia iliyo kichwani mwa mtu

Mwaka 1985 mtaalamu wa Denmark, Peter Naur, aliandika makala ambayo nawapa wanafunzi wangu kila mwaka. (Ndiye pia aliyelipatia somo letu jina la Kidenishi, "datalogi", kwa kuwa hakupenda liitwe sayansi ya kompyuta. Sisi tunaohangaika na istilahi twaweza kumhusudu kwa jinsi jina hilo lilivyokubaliwa kwao.) Naur alieleza habari ya programu moja kubwa iliyotayarishwa na kundi la kwanza, kisha kundi la pili likapewa kazi ya kuiongezea uwezo. Kundi la pili lilikuwa na maandishi yote ya programu, maelezo yake, na ushauri wa wenye kuijenga. Hata hivyo, katika mambo kadhaa makubwa, mapendekezo yake yalikuwa viraka vilivyoharibu nguvu na wepesi wa programu, ilhali njia nzuri ilikuwa tayari imo ndani yake. Wa kundi la kwanza waliliona jambo hilo papo hapo.

Naur alihitimisha kwamba programu hasa si maandishi yake. Programu ni nadharia iliyomo kichwani mwa walioijenga: ujuzi wa kwa nini jambo hili liko hivi wala si vile, na wa mahali ambapo jambo jipya litakaa bila kuvunja ya zamani. Wajenzi wakiondoka, nadharia hiyo huondoka nao, na kinachobaki ni maandishi yanayoendelea kutenda kazi bila mtu wa kuyaelewa. Kurithi tovuti, basi, ni kazi ya kuijenga upya nadharia hiyo kutokana na mabaki yake. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, ingawa nadhani alikata tamaa mapema mno kuhusu uwezekano wa kuifufua. Inafufuka, lakini si yote, na haifufuki kwa kusoma tu.

Wala haifai kusema kwamba tovuti iachwe kama ilivyo ili isiharibike. Meir Lehman, aliyefundisha Imperial College mjini London, alichunguza pamoja na Laszlo Belady historia ya programu kubwa ya IBM iliyoitwa OS/360, na tangu mwaka 1974 alikuwa akieleza kanuni mbili ambazo hazijatanguka hata leo. Ya kwanza ni kwamba programu inayotumika katika maisha ya watu haina budi kubadilishwa daima, ama sivyo faida yake hupungua. Ya pili ni kwamba kadiri inavyobadilishwa ndivyo inavyozidi kuwa tata, isipokuwa mtu afanye kazi ya makusudi kuipunguzia utata huo. Mwenye kurithi tovuti amekaa kati ya kanuni hizi mbili.

Kosa langu la Desemba 2015

Tarehe 14 Desemba 2015 watunzaji wa Joomla walitoa toleo la 3.4.6 na kutangaza kwamba linaziba ufa mkubwa wa usalama. Ufa huo ulikuwamo katika matoleo tangu 1.5 hata 3.4.5. Mtu wa mbali aliweza kupachika maandishi yake mahali ambapo kivinjari hujitambulisha kwa seva, na maandishi hayo yakaishia kutekelezwa kama amri. Wahalifu walikuwa wamekwisha kuutumia kabla ya tangazo. Hatari ilikuwa kubwa hata viraka vikatolewa kwa matoleo ya 1.5 na 2.5 ambayo yalikuwa yamekwisha kuachwa.

Wakati huo nilikuwa nimerejea kutoka masomoni Ulaya, nami nilikuwa nimekabidhiwa tovuti ya jarida dogo la kitaaluma, miongoni mwa majukumu yale ambayo hupewa mtu mwenye shahada mpya kwa kuwa hana pa kukimbilia. Tovuti ilikuwa katika toleo la 3.2. Nilisoma tangazo usiku, nikaingia upande wa utawala, nikabofya kitufe cha kusasisha. Kazi ilikwisha kwa dakika mbili. Niliutazama ukurasa wa mwanzo, nikaridhika, nikaenda likizo.

Januari tulipata barua pepe ya mwalimu wa sekondari aliyekuwa akitafuta makala yake mwenyewe. Ikisiri ilikuwapo, lakini kiungo cha kusomea makala nzima hakikuwapo. Nilitazama nyingine. Hazikuwa na viungo pia. Makala zaidi ya 300, zilizokusanywa kwa miaka mingi na baadhi zikipigwa picha kutoka katika nakala za taipu, zilikuwa hazifikiki. Mafaili yenyewe yalikuwapo katika seva, lakini majina yake yalikuwa namba tupu.

Nilimpata mjenzi wa tovuti kwa simu. Alikuwa amehamia nchi nyingine, na alinijibu kwa upole kuliko nilivyostahili. Alieleza kwamba usiku mmoja, kesho yake kukiwa na mkutano, alitakiwa kuweka viungo hivyo, naye hakuwa na wakati wa kutafuta njia nzuri. Aliingia ndani ya faili la Joomla lenyewe, lile linalopanga makala katika com_content, akaandika humo orodha nzima: ikisiri namba hii, faili namba ile. Orodha haikuwa katika kanzidata. Haikuwa mahali pengine popote. Na kitufe changu kilikuwa kimeliondoa faili lake na kuweka jipya, kama kinavyotakiwa kufanya. Kampuni iliyotupangisha seva ilihifadhi nakala za akiba kwa siku saba tu. Mimi niligundua baada ya wiki tatu.

Tulikaa mimi na wanafunzi wawili tukifungua faili moja baada ya jingine na kuandika upya orodha kwa mkono. Baadhi hayakuwa na ukurasa wa kwanza, kwa hiyo hayakuwa na kichwa wala jina la mwandishi.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilikosea kubofya. Sikukosea. Kungoja kungekuwa kosa baya zaidi. Mwaka uliotangulia, Oktoba 2014, ufa wa namna hiyo ulitangazwa katika Drupal, na wiki mbili baadaye watunzaji wake waliwaambia watu kwamba tovuti yoyote ambayo haikuzibwa ndani ya saa saba tangu tangazo ihesabiwe kuwa imekwisha kuingiliwa. Saa saba! Hakuna awezaye kujifunza tovuti ya mwingine ndani ya saa saba. Kosa langu lilikuwa la miezi iliyotangulia, nilipokaa na tovuti hiyo bila kuifahamu, nikidhani kwamba kwa kuwa haijaharibika sina kazi nayo.

Yafaayo kufanywa katika miezi iliyotangulia

La kwanza ni nakala. Si nakala ya kuweka kabatini, bali tovuti ya pili iliyo hai, katika kompyuta yako mwenyewe. Unachukua mafaili yote, unaitoa kanzidata nzima, unaviweka katika seva ndogo ya mezani yenye toleo lile lile la lugha ya PHP, na kubadilisha katika configuration.php jina la kanzidata, neno la siri na njia za folda za muda na za kumbukumbu. Kabla ya kitu kingine, zima sehemu ya kutuma barua. Nimeona nakala ya mezani ikiwaandikia wasomaji halisi kwamba usajili wao umefutwa. Kumbuka vilevile kwamba nakala hiyo ina majina na anwani za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019, wala hazisemi kwamba kompyuta ya mpakato ya mwanafunzi ni mahali salama. Futa au ubadilishe majina hayo mara tu nakala inaposimama.

Nakala hiyo ikikataa kusimama, umepata somo la bure: umejua kwamba nakala ya akiba ambayo ofisi ilikuwa ikiitegemea ingekataa vivyo hivyo siku ya msiba.

La pili ndilo ambalo lingeniokoa, nalo huchukua robo saa. Toleo la tovuti limeandikwa katika faili joomla.xml, ndani ya folda administrator/manifests/files. Ukilijua, pakua furushi asilia la toleo hilo hilo, kisha ulinganishe mafaili yake na yako, moja kwa moja. Mtu hafanyi kazi hiyo kwa macho. Iko programu iitwayo diff, iliyozaliwa katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo hutaja kila mstari unaotofautiana. Katika tovuti iliyotunzwa vizuri, mafaili ya mfumo hayatofautiani hata kidogo. Yakitofautiana, kuna mambo mawili: ama mtangulizi wako alitia mkono wake humo, ama mhalifu ndiye aliyeutia. Yote mawili wapaswa kuyajua kabla hujalala.

Marekebisho ya mtangulizi yana mahali pake pa halali. Joomla humruhusu mjenzi kuchukua nakala ya faili la mpangilio, akaiweka katika folda iitwayo html ndani ya kiolezo chake, na mfumo ukaitumia hiyo badala ya ile ya asili. Kusasisha hakuigusi. Kazi ya kuhamisha marekebisho kutoka mahali pasipofaa kwenda hapo ndiyo kazi nzuri ya kwanza kwa mrithi wa tovuti, kwa sababu inamlazimisha aelewe kila mstari huku sura ya tovuti ikibaki ile ile. Aanze kwa kuyaweka mafaili yote katika Git, ile programu ya kutunza historia ya mabadiliko iliyoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005, lakini faili lenye maneno ya siri aliache nje.

La tatu ni kufuatilia. Chagua kitu kimoja kinachoonekana katika ukurasa, ukifuate hata chanzo chake. Upande wa utawala ukiruhusu kuonyeshwa kwa nafasi za moduli, ongeza ?tp=1 mwishoni mwa anwani, na nafasi zote za kiolezo zitajitokeza na majina yake. Kisha jiulize: kisanduku hiki kimetoka katika moduli ipi? Nani aliyeiweka, na inaonekana katika kurasa zipi? Zima plagini moja katika nakala, utazame nini kimetoweka, uiwashe tena. Andika. Kwa tovuti ya ukubwa wa kawaida, vitu ishirini vya namna hiyo vitakupa ramani ambayo huwezi kuipata katika kitabu, kwa kuwa hakuna kitabu kilichoandikwa juu ya tovuti yako.

La nne ni watu. Ukibahatika kumpata mjenzi wa kwanza, usimwombe akueleze tovuti. Atakueleza ile aliyokusudia kuijenga. Muulize ni kazi gani aliifanya usiku, ni kitu gani aliahidi kurudi kukirekebisha, ni faili gani hapendi mtu aligusa. Kisha kaa karibu na karani siku nzima bila kusema neno, umtazame anavyoweka habari. Kila hatua anayoifanya ambayo mfumo hauidai, kama ile ya kupunguza saa tatu, ni mstari wa programu ulioandikwa ndani ya mtu.

Neno kuhusu matoleo ya zamani

Vijana wengi watakuta tovuti ingali katika Joomla 3. Toleo hilo lilianza Septemba 2012 na uangalizi wake ulikoma tarehe 17 Agosti 2023, kwa hiyo halizibiwi tena nyufa. Njia ya kutoka hapo ni kwenda kwanza 3.10, ambayo ina sehemu ya kukagua utayari wa tovuti, kisha 4, kisha 5, na toleo la 6 lililotoka Oktoba 2025 baada ya hapo. Hatua ngumu ni ya kutoka 3 kwenda 4. Toleo la 4 lilidai PHP 7.2.5 au zaidi, na la 5 likadai 8.1, wakati seva nyingi za zamani zilikuwa bado katika 5. Violezo vilivyojengwa juu ya Bootstrap 2 vilikuta Bootstrap 5, na yale marekebisho ya halali katika folda ya html, ambayo nimeyasifu hapo juu, hubaki salama lakini huwa yanaongea na mfumo uliokwisha kuhama. Kiendelezi ambacho mwandishi wake amekiacha hakina dawa isipokuwa kutafuta kingine au kukiandika upya. Mkuu wa ofisi na aambiwe mapema kwamba hii ni kazi ya wiki kadhaa, si ya kitufe.

Wala upya peke yake si kinga. Februari 2023 iligunduliwa kwamba matoleo ya 4.0.0 hadi 4.2.7 yaliweza kumpa mtu yeyote aliyeuliza kwa namna fulani mipangilio ya tovuti, pamoja na neno la siri la kanzidata. Toleo la 4.2.8 liliziba. Waliokuwa na nakala hai mezani waliliweka huko kwanza, wakatazama ile orodha yao ya vitu ishirini, wakaliweka katika tovuti halisi mchana huo huo.

Katika darasa langu sasa hivi, mazoezi ya muhula wa pili huanza na tovuti ambayo wanafunzi hawakuijenga, na kwa wiki mbili za mwanzo hawaruhusiwi kubadilisha chochote. Hulalamika sana. Baadaye huwapa pia ile folda ya jarida letu, yenye mafaili ambayo hatukuweza kuyatambua mwaka 2016. Mwaka jana mwanafunzi mmoja alilitambua moja kwa kusoma jina la kijiji lililotajwa katika jedwali la mvua, akalitafuta katika ikisiri zote, akaipata iliyo yake. Kiungo kimerudishwa, safari hii katika kanzidata. Yaliyobaki ni tisa.